Idadi ya gorila hupimwa kwa miguu

*Nyuma ya kila takwimu ya gorila wa Grauer wapo wafuatilia nyayo, wapishi na wabebaji wa Walikale, ambao kazi yao inategemea ardhi, njia na amani wasivyovimiliki peke yao.*

Tatizo la kwanza la kituo cha utafiti kilicho ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, si gorila bali chumvi. Kilo moja ya chumvi, ambayo mkazi wa Bihambwe, nje ya msitu huo, huinunua dukani na kufika nayo nyumbani ikiwa mkononi, humfikia mpishi wa kambi ya msituni baada ya kubebwa na gari au ndege ndogo, kisha pikipiki, na mwishowe mgongo wa mtu anayevuka matope na mito kwa miguu, na gharama yake huongezeka katika kila hatua ya safari hiyo.

Hesabu hiyohiyo huhusu mchele, mawese, betri, dawa za malaria na vichupa vya kuhifadhia sampuli. Kwa hiyo, kabla mtafiti hajauliza gorila wamebaki wangapi, lazima mtu mwingine ajibu swali linalotangulia, yaani kikosi kitaweza kukaa porini siku ngapi kabla akiba haijakwisha, na nani atakayeibeba akiba hiyo.

Anayelijibu kwa kawaida si mtaalamu aliyetoka mbali, bali ni mwenyeji: mfuatilia nyayo, mpishi, mbebaji au mkusanyaji wa takwimu, ambaye mara nyingi ukoo wake ndio wenye haki ya kimila juu ya msitu anaoufanyia kazi. Hatima ya gorila imefungamana na kazi ya watu hao kwa namna ambayo ripoti za kitaalamu, zenye majedwali na ramani, haziionyeshi wazi.

Kutoka malishoni hadi msituni

Bihambwe ni kituo kidogo cha biashara wilayani Masisi, kwenye barabara itokayo Sake kuelekea Masisi-Kati, jirani na machimbo ya koltani ya Rubaya. Milima ya Masisi ni nchi ya malisho ya ng'ombe na ya mashamba ya maharage na viazi, na maziwa yake hutengenezwa jibini linaloliwa Goma na mbali zaidi.

Milima hiyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya Masisi ilikuwa msitu kabla utawala wa Ubelgiji haujaigawa ardhi yake kwa walowezi na, kuanzia mwaka 1937, kuhamishia huko familia kutoka Rwanda kwa mpango uliojulikana kwa kifupi kama MIB, ili mashamba makubwa yapate wafanyakazi. Baadaye ufugaji, ongezeko la watu na vita viliendelea kuumega msitu uliosalia. Watafiti wa karne ya 20 waliitaja Masisi miongoni mwa mahali palipobakiwa na kundi dogo la gorila lililotengwa na makundi mengine.

Kutoka Bihambwe kuelekea magharibi, kupitia Masisi-Kati na Nyabiondo, ardhi huteremka kuelekea bonde la mto Kongo, na malisho huupisha msitu wa mvua wa Walikale. Wilaya hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, hupitiwa na mito kama Lowa na Oso, na hukaliwa na Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega na Wambuti, ambao huelewana kwa Kiswahili. Masisi ni kielelezo cha msitu uliokwisha kugeuzwa malisho, ilhali Walikale ni msitu ambao hatima yake bado inabishaniwa.

Kati ya hifadhi mbili

Gorila wa Grauer ni nususpishi, yaani tawi mojawapo la spishi ya gorila wa mashariki, na hapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alielezwa kisayansi mwaka 1914 na Mjerumani Paul Matschie, aliyempa jina la Rudolf Grauer, mkusanyaji wa wanyama kutoka Austria. Dume mzima anaweza kukaribia uzito wa kilo 200, ilhali jike huzaa mtoto mmoja tu kwa muda wa takriban miaka minne hadi mitano, na kwa sababu hiyo kundi lililopoteza majike machache huchukua miaka mingi kuliziba pengo.

Serikali ilianzisha hifadhi za taifa za Kahuzi-Biega na Maiko mwaka 1970, na ya kwanza ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kuingia katika misitu ya nyanda za chini. Hata hivyo gorila hawajui mipaka, na wengi wao huishi katika misitu iliyo kati ya hifadhi hizo mbili, ambayo haimo katika hifadhi yoyote ya taifa na ambayo koo za wenyeji huitambua kuwa mali yao ya urithi.

Huko ndiko liliko Eneo la Uhifadhi la Nkuba, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 2,400, ambako mfuko wa Dian Fossey Gorilla Fund umekuwa ukifanya kazi na familia zenye ardhi tangu mwaka 2012. Katika utendi wa Mwindo, simulizi mashuhuri ya Wanyanga, Nkuba ni jina la bwana wa radi, na kwa msitu unaopata mvua karibu mwaka mzima jina hilo halina ugeni.

Utafiti wa gorila una historia ndefu katika eneo la Kivu, ambamo Masisi na Walikale zimo. Mtafiti George Schaller aliwachunguza gorila wa mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 1959. Dian Fossey, ambaye mfuko huo una jina lake, alianzia Kabara, upande wa Kongo wa milima ya Virunga, mapema mwaka 1967, kabla vurugu hazijamhamishia Rwanda, ambako alianzisha kituo cha Karisoke mwezi Septemba mwaka huohuo. Baadaye Mjapani Juichi Yamagiwa alishirikiana na wanasayansi wa Kongo wa kituo cha utafiti cha Lwiro kuwachunguza gorila wa Kahuzi na wa Itebero, ambayo imo ndani ya Walikale.

Siku moja nyuma ya gorila

Kazi ya kituo cha msituni hugawanyika sehemu mbili. Ipo kambi kuu, yenye nyumba za mbao na turubai, jiko, ghala na mitambo midogo ya umeme wa jua. Na vipo vikosi vinavyohama, ambavyo hutoka kambini vikiwa na chakula cha siku nyingi na kulala popote usiku unapovikuta, kisha hurudi kupumzika na kupisha zamu nyingine.

Katika kikosi, mtu wa kwanza mstarini ni mfuatilia nyayo, ambaye mashariki mwa Kongo huitwa kwa jina lililotoka Kifaransa, pisteri. Yeye husoma majani yaliyolala upande mmoja, mashina yaliyotafunwa, matunda yaliyoangushwa na alama za ngumi kwenye udongo laini, kwa kuwa gorila hutembea akiegemea vifundo vya vidole vya mikono. Wengi wa wafuatilia nyayo waliupata ujuzi huo nyumbani, kwa wazazi waliokuwa wawindaji, kabla ya kufundishwa kutumia kifaa cha jipiesi, yaani chombo kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha mahali alipo anayekibeba.

Tofauti na Karisoke au nyanda za juu za Kahuzi, ambako gorila wamezoeshwa kuwaona watu, wafanyakazi wa Nkuba hawamtafuti gorila ili wamkaribie. Wao humfuata kwa umbali, wakibaki takriban siku moja nyuma yake, kwa sababu gorila aliyezoea binadamu hawezi kumtofautisha mtafiti na mwenye bunduki, na katika msitu ambamo uwindaji haujakoma, mazoea hayo yangekuwa hukumu ya kifo.

> Ustadi wa mfuatilia nyayo hupimwa kwa kumjua mnyama ambaye amejizuia asimwone.

Umbali huo hauwanyimi maarifa. Kila jioni gorila hutengeneza kiota kipya cha kulalia kwa kukunja matawi na majani, isipokuwa mtoto mchanga, ambaye hulala na mama yake. Kwa hiyo kikosi kinachofika asubuhi mahali walipolala kinaweza kuhesabu viota na kukadiria ukubwa wa kundi. Kinyesi kilichoachwa kiotani hupimwa upana ili kujua kama aliyelala hapo alikuwa mtoto, jike mzima au dume mwenye mgongo wa fedha, na sampuli zake huweza kupelekwa maabara, ambako vinasaba humtambulisha mnyama mmojammoja na mbegu huonyesha alichokula.

Njiani hufungwa pia kamera za kujiendesha, ambazo hupiga picha zenyewe kila mwili wenye joto unapopita mbele yake. Kwa njia hizo imefahamika kwamba gorila wa nyanda za chini hutegemea matunda zaidi ya wenzao wa milimani.

Chungu, redio na jua

Siku ya kambini huanza kabla ya jua, kwa moto wa mpishi. Chakula ni kile ambacho Walikale hukijua: bugali wa muhogo, mchele, sombe iliyoungwa kwa mawese, maharage, ndizi, na samaki wa chumvi aitwaye makayabu, ambaye hupendwa kwa sababu haozi njiani. Nyama ya porini haipikwi, si kwa sababu ya sheria peke yake, bali kwa sababu kambi inayokula nyama hiyo haiwezi kumwambia jirani aache kutega mitego.

Redio ya mawasiliano huweka saa za kambi. Kwa nyakati zilizopangwa kila kikosi hutaja kilipo, afya ya watu wake na hali ya njia, kwa kuwa mtandao wa simu haufiki sehemu kubwa ya msitu huo. Kikosi kisichosikika huanza kuulizwa, na kikiendelea kunyamaza hutafutwa. Umeme wa jua huchaji redio na jipiesi kwanza, kisha kompyuta, na simu za binafsi huja mwisho, mpangilio ambao siku za mawingu mfululizo hufanya kila mtu aukumbuke.

Jioni hufuata kazi isiyoonekana: kuhamisha takwimu kutoka daftarini, kuandika tarehe na mahali kwenye vichupa vya sampuli, kukausha viatu vya mpira ambavyo havikauki, na kukagua miguu kama imeingiwa na funza. Malaria, kuhara, siafu na mito inayofurika ghafla ni sehemu ya kazi, na mgonjwa aliyezidiwa hubebwa kwa machela hadi mahali pikipiki inapoweza kufika.

Kuna pia mzigo ambao machela haiubebi. Mfanyakazi anayekaa porini kwa zamu ndefu hukosa misiba na mazao ya nyumbani, na mkewe hubaki na shamba na watoto katika nchi ambamo habari za vita hufika kijijini mapema kuliko zinavyofika kambini.

Takwimu zilizobadilika

Katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba gorila wa Grauer walikuwa takriban 17,000. Mwaka 2016 makadirio mapya yalitaja 3,800, yaani upungufu wa karibu asilimia 77, na mwaka huohuo Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulimweka mnyama huyo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2021 watafiti walitoa hesabu nyingine, ya takriban 6,800.

Msomaji anaweza kudhani kwamba gorila waliongezeka kwa 3,000 katika miaka mitano, jambo ambalo haliwezekani kwa mnyama anayezaa polepole kiasi hicho. Kilichobadilika ni hatua za watu: vikosi vilipata kuingia katika misitu ambayo awali haikufikika kwa sababu ya vita, ikiwemo misitu ya jamii, na huko vikakuta viota ambavyo havikuwa vimehesabiwa.

> 3,800 mwaka 2016. 6,800 mwaka 2021. Gorila hawakuzaana kwa kasi hiyo: watu walitembea mbali zaidi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya mbebaji na mpishi. Mpaka wa maarifa juu ya gorila wa Grauer ni mpaka wa mahali ambapo mtu mwenye daftari ameweza kufika, kula na kurudi, na tofauti ya gorila 3,000 kati ya hesabu mbili ni, kwa sehemu kubwa, tofauti ya chakula kilichobebwa na njia zilizopitika.

Msitu ni wa nani?

Pande zinazoudai msitu wa Walikale hazikubaliani. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 huitambua ardhi yote kuwa mali ya Dola, wakati desturi ya Walikale huigawa kwa koo chini ya wami, yaani watawala wa jadi. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ilijaribu kuzikutanisha kauli hizo mbili kwa kuziruhusu jamii kupewa hati ya msitu wa jamii usiozidi hekta 50,000, ambao jamii yenyewe huuwekea kanuni za matumizi, na njia hiyo ndiyo waliyoielekea wahifadhi wanaofanya kazi nje ya hifadhi za taifa.

Mfano wa kwanza haukuhitaji amri. Mwaka 1998 jamii za Batangi na Bamate ziliuanzisha uhifadhi wa msitu wa Tayna chini ya wami wao, na baadaye, mwaka 2009, kituo cha GRACE cha kutunza gorila mayatima kilianzishwa Kasugho, karibu na msitu huo.

Wenye shaka nao wana hoja. Upanuzi wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 uliwatoa Batwa, watu wa jamii ya Mbilikimo, katika msitu wao bila ya fidia, na kumbukumbu hiyo imewafanya wengi kuamini kwamba anayehesabu wanyama leo atawafukuza watu kesho. Ni mwaka 2022 tu ambapo Kongo ilitunga sheria maalumu ya kulinda haki za watu wa asili wa jamii ya Mbilikimo, wakiwemo Wambuti wa Walikale, ambao ujuzi wao wa nyayo umetumiwa na wageni kwa miongo mingi bila majina yao kuandikwa.

Upande wa tatu ni wa wachimbaji. Tangu madini ya kasiteri, ambayo hutoa bati, yalipogunduliwa Bisie mwaka 2002, vijana wa Walikale wamekuwa na chaguo la pili: shimoni mtu anaweza kupata kwa wiki moja fedha ambazo kambi hulipa kwa muda mrefu, au asipate chochote kabisa. Machimbo ya ndani ya msitu hulishwa kwa nyama ya porini kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na hivyo mchimbaji na mfuatilia nyayo, ambao huweza kuwa ndugu wa nyumba moja, huutazama mti uleule kwa mahitaji yanayogongana.

Mshahara wa kambi hauwezi kushindana na bahati ya shimo, ila hushindana na ukosefu wake. Mapato yasiyokatika hulipa karo na kuiwezesha familia kupanga mwaka, na ndiyo maana miradi ya kilimo na ya mabwawa ya samaki huambatanishwa na utafiti, ili faida isiishie kwa walioajiriwa. Udhaifu wake ni kwamba fedha hizo hutoka kwa wafadhili wa nje, na ufadhili ukikoma, ahadi iliyotolewa kwa ukoo hubaki bila mlipaji.

Barabara inapofungwa

Juu ya mvutano huo kuna vita. Walikale imezoea kuishi bila barabara ya uhakika, kiasi kwamba katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilizobeba kasiteri zilitua kwenye kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, na wafanyakazi wa mashirika hupendelea kuruka badala ya kupita Masisi. Lakini anga nalo hufungwa.

Waasi wa M23 waliiteka Rubaya, jirani ya Bihambwe, mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi-Kati mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma, pamoja na uwanja wake wa ndege, mwishoni mwa mwezi huo. Tarehe 19 Machi 2025 waliingia Walikale-Kati, kabla ya kuuacha mji huo mwanzoni mwa Aprili. Kwa mkazi wa Bihambwe miezi hiyo ilikuwa ya kukimbia na ya soko lisilotabirika. Kwa kambi ya msituni mbali magharibi, ilimaanisha kwamba benki, ghala na uwanja wa ndege vya Goma vilikuwa upande wa pili wa mstari wa mapigano.

Hatari kwa kituo chenyewe si ya kufikirika. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la wapiganaji wa Mai-Mai liliishambulia Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi katika msitu wa Ituri, likaua watu kadhaa wakiwemo walinzi, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo waliangamia. Tangu hapo kila msimamizi wa kambi katika misitu ya mashariki anajua kwamba redio, mafuta na chakula, vitu vinavyoiwezesha kambi kuishi, ndivyo pia vinavyowavutia wenye silaha.

Pengo katika ramani

Wageni wanapoondoshwa kwa usalama wao, wenyeji hubaki, kwa kuwa kambi iko nyumbani kwao. Ndio wanaoamua kama njia ya jana bado inapitika, kama kamera ziachwe au zifichwe, na kama kikosi kitoke au kingoje. Kwa hiyo, mjadala wa mikataba, bima, matibabu, mafunzo na kutajwa majina katika machapisho ya kisayansi si wa hisani, kwa sababu anayebeba uamuzi na hatari anastahili pia kubeba jina la kazi hiyo.

Masisi inatoa sababu ya mwisho ya kuuharakisha mjadala huo. Gorila wake waliorodheshwa na wapita njia, kwa safari za muda, na hakukuwa na watu wa kudumu waliolipwa kuwafuata mwaka hadi mwaka. Matokeo yake ni kwamba maelezo ya namna malisho yalivyochukua mahali pao ni haba kuliko maelezo ya ng'ombe waliokuja baadaye.

Walikale bado ina watu wanaotembea. Siku wakikosa chumvi, betri au njia, viota havitahesabiwa, na baada ya muda ramani itaonyesha eneo jeupe. Na kwa mtu anayeisoma ramani hiyo akiwa Goma, Kinshasa au Ulaya, msitu usiotembewa hautatofautiana na msitu usio na gorila.